Tegu: kwa nini hata asiyekula nguruwe anaweza kuathirika

Tegu ni mnyoo bapa, mrefu, mwenye mwili wa pingili, anayeishi katika utumbo mwembamba wa binadamu. Hana mdomo wala tumbo. Hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo kwa kichwa chake na kufyonza kupitia ngozi chakula ambacho mwili wako umekwisha kukisaga. Wanaotuhusu hapa ni wawili: wa ng'ombe na wa nguruwe.

Wa ng'ombe hupatikana kwa kula nyama isiyoiva, kwa mfano mishkaki ya mnadani Igunga au Nzega ambayo katikati bado ni mbichi. Anaweza kupita mita 5, lakini madhara yake si makubwa: tumbo kusokota, kichefuchefu, na pingili nyeupe zinazotoka na haja kubwa, wakati mwingine zikitambaa zenyewe hadi kwenye nguo ya ndani.

Wa nguruwe ndiye wa kuogopwa, kwa sababu ana njia mbili za kutuingia na wengi wanaijua moja tu. Ukila kitimoto isiyoiva yenye vijifuko vyeupe vinavyofanana na punje za wali, utapata mnyoo tumboni. Basi. Njia ya pili ni kumeza mayai yake, na mayai hayo hayamo kwenye nyama kabisa. Yamo kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu. Kupitia mikono isiyonawiwa, kachumbari au maji ya kisima, yanafika mdomoni mwa mtu mwingine. Tumboni huanguliwa, viluwiluwi hupenya ukuta wa utumbo, huingia kwenye damu na kujenga vijifuko katika misuli, macho, hata ubongo. Kwa hiyo mzee wa Ujiji ambaye hajaonja nguruwe maisha yake yote anaweza kuathirika, ikiwa anayempikia ana tegu.

Vijifuko vya ubongoni huleta kifafa. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika maeneo mengi ambako watu wanaishi na nguruwe wanaozurura, asilimia 30 ya kifafa hutokana na tegu huyu. Inaniuma sana kuona mgonjwa wa kifafa akizungushwa kwa waganga miaka na miaka, na akianguka watu wanamkimbia wakiogopa povu lake. Povu haliambukizi. Msaidieni: mlazeni ubavu, kisha mpelekeni hospitali.

Mnyoo wa tumboni hutibiwa kwa prazikuanteli au niklosamidi. Lakini kama umewahi kuanguka kifafa au unaumwa kichwa mara kwa mara, mwambie daktari kabla ya kumeza prazikuanteli: vijifuko vikifa ubongoni huvimba na vinaweza kuleta degedege. Na kidonge kimoja cha albendazoli wanachopewa watoto shuleni kinalenga minyoo mingine. Usikitegemee kumtoa tegu.

Nguruwe naye huambukizwa kwa kula kinyesi chetu. Akifungiwa bandani, na kila kaya ikatumia choo, mnyoo huyu hana pa kupita. Akigundulika mwenye tegu nyumbani, wapimwe wote wanaoishi naye, akianza yule anayepika.