Jaji hapimwi kwa idadi ya aliowafunga

Wengi huamini kwamba majaji wanapopimwa kabla ya uchaguzi, kinachohesabiwa ni hukumu: amewafunga wangapi, amewaachia wangapi. Sivyo. Chukua Alaska, Marekani, iliyoanza kuwapa wapiga kura tathmini hizo mwaka 1976. Jaji huko hana mpinzani. Karatasi ya kura huuliza tu kama abaki, ndiyo au hapana.

Baraza la Mahakama, lenye mawakili 3 na raia 3 wasio mawakili chini ya Jaji Mkuu, hupeleka dodoso kwa mawakili, polisi, watumishi wa mahakama na wajumbe wa juri (raia wanaoitwa mahakamani kuamua kesi). Alama ni 1 hadi 5. Anaijua sheria? Anapendelea? Anasikiliza bila kufoka? Maamuzi yaliyotenguliwa kwenye rufaa huangaliwa pia, ila hayo ni suala la sheria, si ukali.

Kipimo kinachonifurahisha zaidi ni mshahara: shauri likikaa zaidi ya miezi 6 likingoja uamuzi wake, malipo ya jaji huzuiwa, na Baraza hukagua kama yamewahi kuzuiwa.

Mwishoni Baraza huwapendekezea wapiga kura kama jaji abaki, lakini pendekezo hilo si amri; wao ndio huamua. Mwaka 2010 lilishauri jaji mmoja wa Anchorage asibakizwe. Wapiga kura wakamwondoa.