Medali ya Brownlow: kura nyingi pekee hazitoshi

Wengi hudhani Medali ya Brownlow, inayotolewa tangu 1924 katika kandanda ya Kiaustralia (ile ya mpira wenye umbo la yai), humwendea moja kwa moja aliyevuna kura nyingi. Sivyo. Waamuzi wa uwanjani hutoa kura 3, 2 na 1 kila mechi ya msimu wa kawaida; mechi za mtoano hazihesabiwi. Lakini mchezaji aliyefungiwa kwa rafu msimu huo hawezi kuitwaa. Mwaka 1997 Chris Grant wa Western Bulldogs aliongoza kwa kura 27. Alikuwa amefungiwa mechi 1 tu, basi medali ikaenda kwa Robert Harvey wa St Kilda, aliyekuwa na 26. Ukatili, ukiniuliza mimi, ila tuzo hii humtafuta mchezaji bora aliye pia muungwana.