NieR: wanaoisema vibaya wameichezaje?

Wengi wanaoiponda gemu ya NieR hapa Mombasa waliionea kwenye banda la gemu, Majengo au Kisauni, ambako unalipia kwa mechi au kwa dakika na nyuma yako wamesimama watu wanaongoja mpira. Gemu inayotaka saa thelathini na ushei haihukumiwi kwa nusu saa. Ndiyo maana maneno yanayozunguka maskani kuihusu mengi hayana mguu, ingawa mengine ni ya kweli na nitayasema.

Kubwa kuliko yote ni hili: "Gemu yenyewe haijui inataka kuwa nini." Ilitoka mwaka 2010 kwa PlayStation 3 na Xbox 360, ikatengenezwa na kampuni ya Cavia chini ya Yoko Taro, na Square Enix ikaiuza. Msingi wake ni mapigano ya upanga na uchawi, unapanda leveli, unakusanya silaha. Kisha ghafla maadui wanakumwagia madonge ya risasi yaliyopangwa kwa duara na mistari, kama zile gemu za zamani za ndege. Ukifika kwenye jumba la Emil, mvulana mmoja wa hadithi hii, kamera inaganda kwenye pembe ya chumba kama gemu za kutisha za miaka ya 1990. Kwenye Forest of Myth picha yenyewe inakaribia kuondoka: unabaki na maandishi, unasoma na kujibu mafumbo.

Anayeona hayo kuwa fujo hajaangalia yanatokea wapi. Wakazi wa msitu ule wamenaswa katika ndoto, na kinachowanasa ni maneno. Basi na wewe mchezaji unanaswa na maneno. Mji wa jangwani wa Façade unaendeshwa kwa sheria zisizo na hesabu, hata kwa mambo ya kipuuzi, na ukiingia hekalu lao kila chumba kina katazo lake: hapa hakuna kuruka, pale hakuna uchawi. Umbo la mchezo linafuata hadithi ya mahali. Zipo sehemu ambapo kamera inageuka ubavuni bila sababu yoyote ninayoiona, lakini ni chache.

"Nimeimaliza, ya kawaida tu." Gemu hii ina miisho kadhaa iliyopewa herufi, na aliyesema hivi huwa ameona wa kwanza, mwisho A, akazima. Ukiendelea kutoka hapo, gemu haikurudishi mwanzo kabisa, inakurudisha katikati ya hadithi, na sasa maneno ya wale viumbe weusi uliokuwa ukiwakata bila kufikiri yanakuja na tafsiri. Kwenye Junk Heap, mahali pa mashine chakavu, kuna roboti na kiumbe mdogo anayempanda begani. Mara ya kwanza ni bosi tu, yaani adui mkubwa wa eneo, unampiga unachukua kitu chako unaondoka. Mara ya pili umeshasikia urafiki wao wote, na kitufe ni kilekile. Sijui gemu nyingine iliyonifanya nisite namna hiyo bila kubadilisha hata pigo moja la pambano. Mwisho C na D unahitaji kukusanya silaha zote, na hapo wengi hukata tamaa, siwalaumu.

Kuna pia hoja ya kuvua samaki. Mhakiki mmoja wa Marekani aliwahi kuacha gemu kwa sababu samaki anayehitajika hakupatikana, kumbe alikuwa akivua mahali pasipo pake. Kisa kikaenea, na mpaka leo utaambiwa kuvua kwenye NieR hakuwezekani. Kunawezekana. Maelezo yake ni mabovu, hilo kweli, lakini mtoto wa Likoni anayejua kwamba mahali pa kutupa ndoano ndiyo nusu ya kazi atapita.

"Toleo jipya limemtoa baba likamweka kijana." Hapana. Japani ilipata matoleo mawili tangu 2010: Gestalt ya Xbox 360 yenye baba anayemtafutia dawa binti yake, na Replicant ya PlayStation 3 yenye kaka na dada yake. Nje ya Japani tuliletewa baba peke yake, kwa imani kwamba wachezaji wa huko wangempenda zaidi mtu mzima. Toleo la 2021 limemrudisha kaka. Binafsi nampendelea baba, uchovu wake unaingia vizuri kwenye hadithi.

Muziki wa Keiichi Okabe na wenzake haupingwi hata na wapinzani, ila wanabishana ni lugha gani. Nyimbo nyingi Emi Evans aliziimba kwa lugha za kubuni, baadhi zikiwa zimejengwa juu ya sauti za Kifaransa au Kigaeli, akiwaza lugha zingesikikaje baada ya karne nyingi.

Sasa yale ya kweli. Kazi za pembeni zinachosha: peleka hiki, leta kile, rudi. Kitabu kinachosema, Weiss, kinakulalamikia kwa niaba yako, na mashabiki hulitumia hilo kama utetezi, eti uchoshi ni wa makusudi. Mzaha juu ya kazi mbaya haugeuzi kazi ikawa nzuri. Picha za 2010 nazo zilikuwa hafifu hata kwa wakati wake. Alama za wahakiki zilibaki chini kidogo ya 70 kwa 100, na Cavia ikafungwa mwaka uleule. Iliyowafungulia wengi macho ni gemu iliyofuata, NieR: Automata ya 2017, ambayo si lazima uianze kabla ya hii, wala Drakengard ya 2003, gemu ambayo NieR ilichipuka kwenye hadithi yake, si lazima.

Anayetaka kuanza leo achukue toleo la 2021: mapigano ni mepesi mkononi na lina mwisho wa tano. Ila ukifika mwisho D, soma swali vizuri kabla ya kukubali, kwa sababu sevu zako zote za gemu hii zitafutwa kweli. Kama akaunti mnaitumia wewe na kaka yako, mwambie mapema.