Mwalimu akiuliza, nani anajibu?

Pita karibu na shule yoyote ya msingi ya Lubumbashi wakati wa vakasyo (zamu ya masomo) ya asubuhi, iwe Katuba, Ruashi au Kampemba, na kabla hujafika mlangoni utasikia sauti moja ya watoto wengi: "Ndiyo, mwalimu!" Mwalimu ameuliza kama wameelewa. Mzazi akisikia hivyo hufurahi, direkta (mkuu wa shule) pia. Sisi tunaofundisha walimu hatufurahi sana. Jibu la pamoja linawaficha wasiojua nyuma ya wanaojua, na hata yule anayesinzia dawati la mwisho hufungua kinywa pamoja na wenzake.

Simlaumu mwalimu haraka. Elimu ya msingi bila malipo katika shule za serikali iliandikwa katika Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 43, lakini ilianza kutekelezwa kweli Septemba 2019. Watoto waliokuwa wamebaki nyumbani waliingia, na madarasa yakafurika. Mwalimu mwenye D6 (diploma ya sekondari ya miaka sita) aliyejifunza kutoa somo mbele ya watoto wachache akajikuta hana hata njia ya kupita kati ya madawati. Kuitikia kwa pamoja ndiko kunakomwokoa.

Hata hivyo, kuna mambo yasiyohitaji pesa wala darasa jipya. La kwanza ni kunyamaza. Miaka ya 1970, mtafiti Mmarekani Mary Budd Rowe alisikiliza kanda nyingi zilizorekodiwa katika masomo ya sayansi. Alikuta kwamba mwalimu akishauliza, kwa kawaida husubiri kama sekunde 1 tu, kisha anarudia swali, anamwita mwingine au anajibu mwenyewe. Walimu waliojizoeza kusubiri sekunde 3 au zaidi walipata majibu marefu zaidi, na watoto waliohesabiwa kuwa wazito wakaanza kusema. Wanafunzi wetu wa ualimu, wakienda mazoezini, huona sekunde 3 kuwa ndefu mno. Wanaogopa kwamba mkaguzi aliyekaa nyuma atadhani wamesahau somo.

Pia, uliza kwanza, ndipo utaje jina. Ukianza na jina, watoto wengine wote wamekwisha kupumzika.

La pili ni ardwazi, kile kibao kidogo cha mtoto cha kuandikia kwa chaki. Shule ya La Martinière, mjini Lyon, Ufaransa, ilieneza katika karne ya 19 utaratibu ambao walimu wetu wa zamani waliujua vizuri: mwalimu anatoa swali, watoto wanafikiri, akigonga wanaandika, akigonga tena wote wanainua ardwazi. Kwa kuzungusha macho mara moja unaona nani amepata na nani amekosa. Asiye na ardwazi atumie karatasi ya daftari lililokwisha. Wengi wanauona utaratibu huu kuwa wa kizamani. Mimi naona tuliuacha bila kuweka kitu mahali pake.

Ukishaona makosa, sasa kazi inaanza, na hapa ndipo walimu wengi wanapoteza nafasi nzuri. Chukua mwaka wa tano. Mwalimu anauliza: kitenge cha mita 3,5 na cha mita 3,12, kipi ni kirefu? Wengi wanaandika 3,12. Mwalimu anasema "Hapana, mwingine!" na anaendelea hivyo mpaka apate jibu analolitaka, kisha anafuta ubao. Lakini watoto wale hawakubahatisha. Waliona 12 ni kubwa kuliko 5, kama walivyofundishwa tangu mwaka wa kwanza. Hawajajua bado kwamba baada ya koma ile 5 ni desimeta 5, na ile 12 ni desimeta 1 na sentimita 2. Mwulize mmoja aeleze alivyofikiri, leta utepe wa kupimia, mpime pamoja. Dakika chache hizo zinazidi zoezi zima la kunakili.

Ila mtoto ataeleza kwa lugha gani? Nyumbani na barabarani anasema Kiswahili. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inakubali lugha za taifa zitumike kufundishia, na Kifaransa kinabaki kuwa lugha ya masomo ya mbele na ya mitihani. Zipo shule ambazo bado zinamwaibisha mtoto anaposema Kiswahili darasani. Huko ni kumziba mdomo, halafu tunalalamika kwamba hasemi. Aeleze hesabu yake kwa Kiswahili, kisha darasa zima litafute pamoja sentensi ya Kifaransa na kuiandika. Kifaransa hakipotei, kinapata kitu cha kusema.

Kwa wazazi: daftari safi lisilo na kosa hata moja lisikudanganye. Mara nyingi limenakiliwa kutoka ubaoni. Funga daftari, mpe mtoto hesabu moja ya namna ile ile yenye tarakimu nyingine, na umwache aeleze anavyofanya.

Kwa madirekta, unapomtembelea mwalimu darasani, usiishie kukagua jurnali (daftari la masomo ya kila siku) na fishi ya maandalizi ya somo. Chora madawati kwenye karatasi, kisha tia kistari kila mtoto anapojibu peke yake. Mara nyingi vistari vitajaa mistari ya mbele na katikati, huku kona za nyuma zikibaki nyeupe. Mwonyeshe mwalimu karatasi hiyo mkiwa wawili tu, kabla ya kikao cha walimu wote, na mkubaliane ni watoto gani ataanza nao wiki ijayo.