Gofu ya mechi: kadi ya mikwaju haina kazi, na mengine yanayowachanganya watazamaji

Aliyezoea gofu ya siku nne, ile ambayo kila mkwaju hujumlishwa hadi Jumapili jioni, akitazama gofu ya mechi huona vituko. Mchezaji anaokota mpira kabla haujaingia shimoni. Wawili wanapeana mikono kwenye shimo la 14 na kuondoka. Ubao wa matokeo hauna jumla ya mikwaju hata moja. Akijaribu kuvielewa kwa kanuni za mchezo alioujua, anajikuta ameshikilia mambo ambayo si kweli.

"Aliyepiga mikwaju michache ndiye mshindi"

Si lazima. Kinachohesabiwa ni mashimo. Kila shimo ni pambano lake: aliyelimaliza kwa mikwaju michache amelishinda, wakilingana ni sare, na wote wawili wanaanza upya kwenye shimo linalofuata.

Chukua mechi ya mashimo 18. Mchezaji wa kwanza anashinda mashimo 7, kila moja kwa tofauti ya mkwaju mmoja. Wa pili anashinda 5, kila moja kwa tofauti ya mikwaju miwili. Sita yaliyobaki ni sare. Ukijumlisha mikwaju, wa pili amepiga 3 pungufu. Ukihesabu mashimo, wa kwanza ameshinda kwa mashimo 2, na ndiye anayesonga mbele.

Ndiyo maana mtaalamu akitumbukiza mipira miwili bwawani hapigi hadi afikishe tisa. Anamwachia mpinzani shimo, anaokota mpira wake na kutembea. Tisa au sita, amepoteza shimo lile lile moja. Na ndiyo maana pia ukisikia kwamba fulani "alipiga 64" katika mechi, ujue hiyo ni hesabu ya kukisia: kuna mashimo ambayo hakuyamaliza, na huenda kuna mengine ambayo hakuyacheza kabisa.

"3 na 2 ni kama mabao, tatu kwa mbili"

Hili ndilo linalopotosha wengi. Namba ya kwanza ni mashimo ambayo mshindi alikuwa mbele. Ya pili ni mashimo yaliyokuwa yamebaki. "3 na 2" ina maana kwamba mechi iliisha kwenye shimo la 16: mshindi alikuwa mbele kwa 3 huku yakibaki 2 tu, na mpinzani hata angeshinda yote mawili asingemfikia. Mechi ikifika shimo la mwisho huandikwa namba moja tu: kwa shimo 1, au kwa 2.

Anayejua kusoma matokeo anaona zaidi ya hapo. Ukiwa mbele kwa idadi sawa na mashimo yaliyobaki, uko domi: huwezi kushindwa ndani ya mashimo hayo, ila mpinzani akiyashinda yote atakusawazisha. Sasa tazama "5 na 3". Namba hizo zinatofautiana kwa mbili, kwa hiyo mechi ilifungwa na aliyekuwa domi, 4 mbele na 4 yamebaki, akashinda shimo lililofuata. Lakini "4 na 3" ina njia mbili: ama alikuwa 3 mbele na 4 yamebaki, akashinda shimo, ama alikuwa domi kwa 4, wakatoka sare. Matokeo ya namba mbili yanayolingana, kama "2 na 2", hayawezekani, kwa sababu hiyo ni domi na domi bado inachezwa.

Katika mashimo 18 ushindi mkubwa kuliko wote unaowezekana ni 10 na 8. Mwaka 2006, kwenye shindano la dunia la mechi huko La Costa, California, Tiger Woods alimfunga Stephen Ames 9 na 8. Mashimo 10 yalichezwa, na hesabu yenyewe inakwambia yaliyotokea: Woods alishinda tisa, moja likawa sare, Ames hakushinda hata moja.

"Mpira ukiwa karibu na shimo, unahesabiwa umeingia"

Hakuna umbali wowote katika kanuni unaoufanya mkwaju ujisamehe. Mkwaju unasamehewa, yaani unahesabiwa umeingia bila kupigwa, na mpinzani peke yake, kwa neno au ishara iliyo wazi. Kanuni ya 3.2 ya gofu inaongeza mambo mawili ambayo watu huyasahau: mkwaju ukishasamehewa hauwezi kukataliwa na aliyesamehewa, wala kurudishwa na aliyesamehe. Mchezaji akiugonga tu kwa kujifurahisha na kuukosa, haidhuru, shimo limekwisha. (Kwenye mechi za wawili kwa wawili, kila mtu na mpira wake, hapo ni kuangalia: akiendelea kugonga baada ya kusamehewa na akamsaidia mwenzake kuona mpira utakavyopinda, hesabu ya huyo mwenzake kwenye shimo hilo haitahesabiwa.)

Mfano ambao kila mtazamaji angepaswa kuuona mara moja ni wa robo fainali ya shindano la dunia la mechi la 2019, Austin, Texas, kati ya Matt Kuchar na Sergio Garcia. Shimo la 7. Garcia ana mkwaju wa kushinda shimo. Mpira unapita na kusimama sentimita chache tu ng'ambo. Kwa hasira anainama na kuurudisha kwa kofi la fimbo, bila kujipanga. Mpira unagusa ukingo, unazunguka, unatoka. Kuchar hakuwa ametamka neno. Alipoulizwa, alieleza kwamba angeusamehe, ila hakupata nafasi ya kusema, na mkwaju uliokwisha kupigwa hausamehewi tena. Shimo lililokuwa liwe sare likawa la Kuchar, naye akashinda mechi kwa mashimo 2. Wengi walimlaumu. Kwa kanuni hakuwa na la kufanya. Kosa lilikuwa la aliyegonga kabla ya kusikia.

Ukidhani kweli umesamehewa, tuseme mpinzani amesema jambo likasikika kama ndiyo, ukaokota mpira, hakuna adhabu: unaurudisha mahali pake na kupiga. Lakini lazima kuwe na neno au ishara iliyokupotosha kwa haki. Ukimya hautoshi.

Wapo wanaosema kusamehe ni adabu tu. Ni adabu, na ni silaha pia. Mchezaji mjanja husamehe mikwaju ya nusu mita asubuhi nzima, halafu kwenye shimo la 16 ananyamaza na kutazama miti. Mpinzani hajagonga mkwaju wa namna hiyo tangu mechi ianze, na mikono inakuwa mizito. Hakuna kanuni inayokataza, na sioni ubaya wake. Upande wa pili kuna Jack Nicklaus, aliyekuwa akiichezea Marekani dhidi ya Uingereza kwenye shindano la timu la Ryder Cup ya 1969 huko Royal Birkdale, aliyemsamehe Tony Jacklin wa Uingereza mkwaju wa kama sentimita 60 kwenye grini (eneo la nyasi fupi lenye shimo) ya mwisho ya mechi ya mwisho. Timu zikatoka sare 16 kwa 16, mara ya kwanza katika historia ya shindano hilo.

"Kanuni ni zile zile, ni hesabu tu inayobadilika"

Hapana, na hapa hata wachezaji wazoefu huteleza. Adhabu ya jumla, ambayo kwenye gofu ya kuhesabu mikwaju ni mikwaju miwili, kwenye mechi ni kupoteza shimo. Ukipiga mpira usio wako, shimo limekwenda papo hapo, hata kama mpinzani yuko kichakani. Adhabu ya mkwaju mmoja, kama ile ya mpira kuingia bwawani, inabaki vile vile.

Zamu ni jambo la lazima zaidi. Kwenye gofu ya kuhesabu mikwaju, kupiga kabla ya zamu yako hakukugharimu kitu. Kwenye mechi pia hakuna adhabu, lakini mpinzani ana haki ya kuufuta mkwaju huo na kukutaka upige tena. Kwa kawaida hafanyi hivyo ukiwa umepiga vibaya. Annika Sörenstam aliyaona hayo kwenye Solheim Cup ya 2000, shindano la timu za wanawake wa Ulaya na Marekani, Loch Lomond, Scotland: aliutia mpira shimoni kutoka nje ya grini, wapinzani wakaonyesha kwamba haikuwa zamu yake, akarudia, akakosa.

Kuna mengine madogo yanayokwenda kinyume na mazoea. Mpira wako ukiwa kwenye grini ukaugonga wa mwenzako ulioko pia kwenye grini, gofu ya kuhesabu inakutoza mikwaju miwili, mechi haikutozi. Ukiwa na shaka ya kanuni, huruhusiwi kucheza mipira miwili na kuuliza baadaye. Mnaweza kukubaliana ninyi wawili namna ya kulimaliza, au mmoja atangaze kwamba ataomba uamuzi, na aseme hivyo kabla yeyote hajapiga mkwaju wa kuanzia shimo linalofuata. Unaweza pia kulifumbia macho kosa la mpinzani ukitaka. Kisichoruhusiwa ni ninyi wawili kupatana kwamba kanuni mnayoijua haitatumika: hapo mnafukuzwa wote.

Na mpinzani akikuuliza umepiga mikwaju mingapi, lazima umjibu sawasawa. Ukitaja idadi isiyo sahihi na usiisahihishe kabla hajapiga mkwaju wake unaofuata, shimo ni lake, kwa sababu yeye anaamua la kufanya kwa kutegemea hesabu yako.

"Bora zaidi ndiye hushinda, na akishindwa mara moja amekwenda nyumbani"

Mashimo 18 ni machache mno kwa ubora kujionyesha kila mara. Shindano kubwa la dunia la mechi lilipoanza mwaka 1999 na wachezaji 64, fainali iliwakutanisha Jeff Maggert, aliyepangwa wa 24 kwa ubora, na Andrew Magee, wa 50. Fainali hiyo ilikuwa ya mashimo 36, ikaisha kwa sare, na Maggert akashinda kwenye shimo la 38. Mwaka 2002 Kevin Sutherland alichukua kombe akiwa amepangwa wa 62.

Kwa mtoano mtupu, majina makubwa yalikuwa yakifunga mizigo Jumatano jioni. Kuanzia 2015 hadi shindano lilipofikia mwisho mwaka 2023 kulikuwa na makundi 16 ya wachezaji wanne, kila mmoja akicheza mechi tatu, na mshindi wa kundi pekee akiingia kwenye mtoano. Kwa hiyo iliwezekana kushindwa mara moja na bado kuwa bingwa. Aliyefika fainali alikuwa amecheza mechi saba ndani ya siku tano, na miguu huamua mengi kufikia hapo.

Vilevile, kuongoza mapema hakufungi mechi. Mwaka 1965 huko Wentworth, Uingereza, kwenye nusu fainali ya mashimo 36 ya shindano jingine la mechi, Tony Lema alikuwa mbele ya Gary Player kwa mashimo 7 yakiwa yamebaki 17. Player alisawazisha na kushinda kwenye shimo la 37.

"Kwenye mechi unacheza kwa kujihatarisha tu"

Unacheza kwa kumtazama mwenzako. Mpira wake ukiwa bwawani, unapiga katikati ya uwanja, unauweka wako kwenye grini, unatoka. Ni yeye akiwa salama na wewe ukiwa taabani ndipo unapojaribu yasiyojaribika, kwa sababu kukosa hakukugharimu zaidi ya shimo ambalo tayari linakuponyoka. Fainali ya 2014 ya shindano la dunia la mechi huko Marana, Arizona, ilionyesha hilo mara mbili mfululizo. Mashimo 18 yalikwisha kwa sare. Kwenye la 19 mpira wa Victor Dubuisson ulipita grini ukakaa chini ya mmea wa miiba jangwani. Aliutwanga kupitia miiba ukaishia karibu na shimo. Kwenye la 20 ukaingia tena vichakani, na tena akautoa. Katika gofu ya kuhesabu mikwaju angekubali adhabu na kuudondosha mpira mahali penye nafuu. Jason Day alisubiri hadi shimo la 23 kumshinda.