Kituo cha kulelea watoto mchana si shule, na usajili wake si mtego wa ushuru

Tangu sisi wa halmashauri tuanze kupita mitaani kukagua nyumba zinazolea watoto mchana hapa Tanga, tunapokea malalamiko ya aina mbili. Wazazi wanasema vituo vilivyosajiliwa ni vya wenye nacho, na wenye nyumba hizo wanasema tunawaandama ili tuwatoze fedha. Wote tunawachukulia kuwa na nia njema.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mzazi asiyekuwepo kwa muda ahakikishe mtoto ameachwa kwa mtu mwenye uwezo wa kumlea, na inaipa mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto katika eneo lake. Upande wetu wa wajibu huo, tukiri, haujakamilika. Mwajiriwa ana likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na darasa la awali katika shule za serikali halina ada, lakini katika miaka iliyo kati ya hapo familia nyingi hujitafutia zenyewe. Mama anayechuuza samaki katika soko la Deep Sea hana hata hizo siku 84, kwa kuwa hana mwajiri.

Katika nyumba moja ya Ngamiani tulikuta watoto kumi na tisa sebuleni na mlezi mmoja, ambaye wakati huohuo alikuwa akichoma vitumbua uani. Mlangoni palikuwa na ndoo ya maji isiyo na kifuniko, na mtoto anayejifunza kutembea ameishikilia ukingo. Tuliifunika ndoo kabla ya kuandika lolote. Hata hivyo mama huyo alikuwa na jambo ambalo vituo vingi vya ada ya muhula havina: anapokea malipo kila asubuhi, kwa sababu wateja wake hupata riziki yao kwa siku.

Kuhusu utaratibu wa usajili, maombi huwasilishwa kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, si kwa afisa biashara wala afisa elimu, ambako wengi huanzia kisha wakalalamika kwamba wamezungushwa. Anzia ofisi ya serikali ya mtaa, upate barua ya utambulisho. Baada ya hapo jengo hukaguliwa: vyoo, maji, jiko, uzio, hewa, na idadi ya walezi ikilinganishwa na watoto. Dosari zikionekana, mwombaji hupewa maelekezo na muda wa kurekebisha; akikaidi, kibali kinaweza kusitishwa au kufutwa. Hatukimbilii kufunga kituo, maana mtoto anayetolewa humo leo, kesho ataachwa na dada yake wa darasa la nne, naye hatakwenda shule.

Jambo jingine, ambalo nimelieleza mara nyingi kuliko ninavyopenda: mtoto wa miaka mitatu hahitaji daftari la mazoezi ya nyumbani. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto ya 2021/22 hadi 2025/26 inazungumzia afya, lishe, malezi yenye mwitikio (mlezi kuitikia mahitaji ya mtoto), ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Ujifunzaji huo ni michezo, hadithi na nyimbo. Mzazi anayehamisha mtoto kwa sababu "hawajafundishwa kuandika" anawalazimisha wenye vituo kununua madawati badala ya uji.

Gharama ndiyo kiini. Kwa uzoefu wetu, michango ya wazazi wa kipato cha siku huweza kubeba uji, na mtaa huweza kutoa chumba. Posho ya mlezi ndiyo inayoangusha vituo vya jamii. Bila kuvisemea vikao ambavyo havijakaa, mahali pa kulipeleka hilo ni mkutano wa mtaa, kisha kamati ya maendeleo ya kata, liingie katika mapendekezo ya bajeti. Wasiwasi kuhusu usalama wa mtoto usisubiri kikao; piga 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto, bila malipo.

Mama wa Ngamiani ameshaleta barua yake ya mtaa. Ameongeza mlezi wa pili, na vitumbua sasa anachoma alfajiri, kabla watoto hawajafika.