Seli shina na sikoseli: maswali mnayoniuliza sana

Eti seli shina zinatoka kwa vitoto vilivyotolewa mimba? Nimeambiwa ni dhambi nisimpeleke mwanangu.

Hapana dada yangu, hapo vitu viwili vimechanganywa. Seli shina ni zile seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine mwilini. Ugomvi uliwaka 1998, James Thomson na wenzake kule Wisconsin, Marekani, walipozitoa seli shina kwenye viinitete, yaani mimba ikiwa ndo kwanza imeanza, vya siku chache tu, vilivyobaki kwa watu waliotungishiwa mimba maabara, na ukizitoa zile seli kiinitete ndo kimekwisha, hakiendelei. Kanisa Katoliki linakataa kabisa, maana kwao uhai unaheshimiwa tangu mimba inapotungwa. Kwa Waislamu, masheikh wengi wanahesabu siku 120 ndo roho inapulizwa, kwahiyo wapo walioruhusu vile vilivyobaki vitumike kwa tiba. Mi naona pande zote zina hoja nzito na sio vizuri kumuona mwenzio mjinga. Halafu 2006 Mjapani Shinya Yamanaka akazichukua seli za kawaida za panya akazirudisha kuwa kama seli shina, mwaka uliofuata akafanya na za binadamu, bila kiinitete, akapewa Nobel 2012.

Ila tiba ya sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, haimo humo. Seli zinatoka kwenye uloto, ule ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu, wa ndugu yake aliye hai, basi.

Mdogo wake ana miaka sita. Kumtoboa yeye kwa ajili ya kaka yake ni haki?

Hili sasa ndo swali lenyewe, na nasikitika halijadiliwi. Kwanza kila ndugu wa baba mmoja mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya uloto wake kuendana na wa mgonjwa. Ukiendana, analazwa usingizi, uloto unavutwa kwenye mfupa wa nyonga, atauma siku kadhaa na mwili unautengeneza tena. Hatari ni ndogo, lakini ipo, na faida sio yake, na mtoto wa miaka sita hawezi kusema hapana mbele ya mama anayelia. Kwahiyo ombeni daktari mwingine, asiyemtibu kaka, ndo aongee na huyu mdogo taratibu. Na mwambieni mapema kwamba matibabu yakikwama sio kosa lake, maana watoto wanabeba hayo moyoni miaka na miaka.

Kuna mtu Kariakoo ana vidonge vya seli shina, anasema vinamaliza sikoseli.

Usinunue. Seli hai haikai kwenye kidonge, na hata ingekaa tumbo lingeimeng'enya kama nyama. Na za sindano nazo muwe makini, kule Florida 2015 wanawake watatu walichomwa machoni seli zilizotolewa kwenye mafuta yao wenyewe, tena walilipia, wakaharibikiwa macho vibaya sana.

Sasa niende wapi?

Anza kliniki ya sikoseli Muhimbili, waulize kama mtoto anafaa kupandikizwa uloto, kwa sikoseli hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma walianza kuupandikiza 2023. Wakati unasubiri, dawa ya sikoseli iitwayo haidroksiurea aliyoandikiwa asiiache.